Skripti ya Magongo

Kila mwaka Juni inapokaribia kwisha, saiba za intaneti za Mombasa bara hujaa pomoni. Mtopanga, Mlaleo, Likoni mpaka Mtongwe, Changamwe mpaka Chaani, viti havitoshi na wengine wamesimama mlangoni, vitambulisho mkononi. Siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za ushuru za mwaka uliopita ni tarehe 30 Juni, na mtu binafsi akichelewa, faini yake huanzia shilingi 2,000. Dirisha huwa wazi tangu mwanzo wa Januari, lakini kibarua anayewahi zamu Kipevu alfajiri hana nafasi ya kuwaza ritani mwezi wa pili, wala mwenye meza ya mboga Kongowea. Basi tunakutana sote wiki ile ya mwisho, nchi nzima, tukikodolea macho kiduara kinachozunguka.

Katika wiki hiyo wahudumu wengi wana dawa moja tu, kitufe cha F5. Ukurasa ukikawia, F5. Ukija mweupe, F5. Kidole hakitui. Ubaya wake ni kwamba ukipakia upya kabla jibu halijarudi, ombi la kwanza unalitelekeza njiani. Seva mara nyingi haina habari kwamba umeondoka. Inaendelea kulitayarishia jibu ambalo hakuna wa kulipokea, huku ikiletewa la pili na la tatu na mtu yuleyule. Watu laki moja wenye kidole cha namna hiyo wanaigeukia seva kama watu milioni. Mhudumu naye anakuwa amejirudisha nyuma. Yule aliyekuwa amebakiza sekunde mbili afunguliwe ameanza mwanzo.

Kuna saiba Magongo, si mbali na barabara ya kwenda uwanja wa ndege, ambako F5 haibonyezwi. Ina kompyuta tano, printa, mashine ya kulaminati, na ukutani karatasi zilizobandikwa za PIN ya KRA, cheti cha maadili mema, mkopo wa HELB, pasipoti, leseni ya udereva, bima ya afya ya SHA. Mwenye kuihudumia ni dada wa makamo ya ujana, mtaratibu, asiyependa kusifiwa, na jina lake nitaliacha hapohapo Magongo. Nimekuwa nikienda kwake muda mrefu kwa shughuli zangu na za jamaa, na kilichonirudisha kila mara si bei. Ni namna anavyongoja.

Mzee mmoja aliyekuja kushughulikia cheti cha mwanawe anayetaka kazi ya ulinzi Qatar aliona jambo hilo kabla yangu. Tovuti ilikuwa imeelemewa tangu asubuhi. Dada alikuwa amekunja mikono.

“Mwanangu, mbona hubonyezi?”

“Inabonyeza yenyewe, baba. Kaa kitako upumzike. Ikifunguka itapiga kelele.”

Na kweli ilipiga kelele, honi ya matatu aliyoirekodi mwenyewe kwa simu, ikawashtua wote waliokuwamo. Mzee akacheka, akasogeza kiti.

Kilichokuwa kikibonyeza ni skripti ya kivinjari. Ni msimbo mfupi, pengine mistari mia moja au pungufu, unaokaa ndani ya Chrome au Firefox na kuamka kila anwani fulani inapofunguliwa. Ukishaamka unaweza kusoma ukurasa, kuubadilisha, kujaza visanduku, kuhesabu sekunde, kupeleka maombi. Aliyeufanya ufundi huu uwafikie watu wa kawaida ni Aaron Boodman, aliyetoa kiendelezi cha Greasemonkey kwa ajili ya Firefox mwaka 2005. Leo walio wengi hutumia Tampermonkey, ambayo ni ya mwaka 2010. Dada anatumia hiyo.

Tangu siku hizo za mwanzo watu walikuwa na shida inayofanana na yetu. Marekani kulikuwa na tovuti ya habari za teknolojia, Slashdot, iliyoanzishwa 1997. Ikiweka kiungo cha tovuti ndogo ya mtu, wasomaji humiminika kwa maelfu ndani ya saa moja na ile tovuti ndogo huanguka papo hapo. Mwaka 2004 Michael Freedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha New York wakatengeneza Coral. Ulichotakiwa kufanya ni kuongeza herufi chache, .nyud.net, mwishoni mwa jina la tovuti. Ombi lako halikwenda tena kwa seva iliyoelemewa. Lilikwenda kwa mtandao wa mamia ya kompyuta za vyuo vikuu zilizokwisha kuuchukua ukurasa ule mara moja na kugawiana nakala. Watu wa Greasemonkey hawakukawia kuandika skripti za kuongeza herufi zile zenyewe, msomaji asijue hata kilichotendeka. Coral haiko tena. Lakini dada anaijua habari yake, na kwenye upau wa kivinjari chake ana kitufe chenye mstari mmoja tu wa msimbo, unaochukua anwani iliyokwama na kuipeleka kwenye kumbukumbu za Wayback Machine, ile hifadhi ya San Francisco iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001. Tangazo la kazi ya kaunti likikwama, hulisoma huko, likiwa limewahi kuhifadhiwa. Fomu tupu za PDF, zile ambazo kila mtu hupewa sawa, amejiwekea kwenye flashi tangu zamani.

Njia hiyo inafaa kwa vitu vya wote. Ritani yako haimo San Francisco. Wala cheti chako, wala matokeo ya mtoto wako, na hakuna kompyuta ya chuo chochote iliyokwisha kuyachukua ikuwekee. Tarehe 9 Januari 2025 matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yalipotangazwa, watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000, na kila mmoja alitaka kuona ukurasa ambao ni wake peke yake, kwa nambari yake ya mtihani na jina lake. Hapo seva lazima iulizwe yenyewe. Na hapo ndipo skripti ya Magongo inapoanza kuwa kazi ya fundi.

Jambo la kwanza lililonivutia ni mahali inapokaa. Nilidhani skripti ya aina hii huketi kwenye ukurasa uleule unaotakiwa, ikiupakia tena na tena. Dada alinionyesha kwa nini haiwezekani. Seva ikiwa bado ina nguvu ya kujibu “nimeelemewa”, yaani ile 503 wanayoijua watu wa saiba, ukurasa huo wa pole nao ni ukurasa, na skripti itaamka juu yake. Lakini seva ikinyamaza kabisa, kivinjari huchoka kungoja na kuonyesha ukurasa wake chenyewe, ule wa kusema tovuti haipatikani. Huo si mali ya tovuti. Skripti haiamki pale, imelala, na mhudumu anaweza kukaa mpaka magharibi akidhani kazi inaendelea.

Kwa hiyo yeye hufungua kwanza kitu kidogo kuliko vyote kwenye tovuti ile, faili iitwayo robots.txt. Tovuti nyingi zinayo. Ni mistari michache ya maandishi matupu iliyowekewa mitambo ya kutafutia, haina picha, haigusi hifadhidata, haiulizi wewe ni nani. Programu nzito inayotengeneza fomu inaweza kuwa imezidiwa kabisa na faili hii bado ikatolewa na seva ya mbele kwa wepesi. Ikishafunguka, skripti inatua hapo. Kivinjari sasa kinahesabu kwamba tuko ndani ya tovuti, kwa hiyo maombi yanayopelekwa kutoka hapo kwenda kwenye ukurasa wa kuingilia hayazuiliwi kama yangetoka kwingine. Ukurasa wa maandishi matupu unabaki umetulia kwenye skrini, na chini yake skripti inauliza kimyakimya. Jibu likiwa baya, halivunji kitu. Likiwa zuri, skripti inalisoma kwanza na kutazama kama kile kisanduku cha nambari kimo kweli, maana tovuti zingine hurudisha 200, alama ya kwamba mambo ni sawa, juu ya ukurasa usio na kitu. Kikiwamo ndipo inamhamisha mteja kwenye ukurasa wenyewe na kupiga honi.

Mtu aliyefikiria kuketi juu ya robots.txt, mimi namvulia kofia. Nilipomwuliza aliipata wapi, alisema alichoshwa tu na ile njia nyingine.

Jambo la pili ni kungoja kwenyewe. Katika msimbo wake majina ni ya Kiswahili, na kipande kinachopeleka ombi kinaitwa hodi. Aliyelelewa Pwani anajua kwamba hodi hupigwa mara tatu, kwa nafasi kati yake, na mwenye nyumba asipoitika mtu hurudi zake bila kinyongo, akaja wakati mwingine. Skripti ina adabu hiyohiyo. Hodi ya kwanza ikikosa jibu, inangoja sekunde 20, kisha 40, kisha 80, ikienda hivyo mpaka dakika tano, na hapo ndio mwisho wa kuongeza. Mstari wenyewe ni mfupi:

subiri = Math.min(subiri * 2, 300) + bahati

Hiyo bahati ni sekunde chache za kubahatisha, tofauti kila mara na tofauti kwa kila kompyuta. Bila hizo, kompyuta zake tano zilizokataliwa kwa wakati mmoja zingengoja muda mmoja na kurudi kwa mpigo mmoja, zikataliwe tena pamoja, hivyohivyo mpaka jioni. Sekunde za bahati zinazitawanya. Seva ikiwa imetuma pamoja na 503 yake maelezo ya muda wa kurudi, jambo ambalo kanuni za mtandao zinaliruhusu ingawa tovuti nyingi hazijisumbui kulifanya, skripti inaacha hesabu yake na kufuata ya mwenyeji.

Hesabu hii ina ukoo, na ukoo wenyewe ni wa visiwani. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio, zote zikitumia wimbi moja. Mbili zikisema kwa pamoja, ujumbe wote unaharibika, basi wakaamua kila moja ingoje muda wa kubahatisha kabla ya kurudia. Miaka miwili baadaye, Robert Metcalfe alianza kubuni Etheneti akijengea juu ya wazo hilo, na hiyo ndiyo iliyoleta kanuni ya kuongeza muda maradufu kila ujumbe unapogongana. Waya wa buluu uliochomekwa nyuma ya kompyuta za Magongo ni mjukuu wa kazi hiyo.

Nikisema hayo mtu wa Kisauni anaweza kuuliza kwa nini tungoje hata kidogo, na nyaya za baharini zinatua hapahapa kwetu. Ana haki ya kuuliza. TEAMS ilivutwa kutoka Fujairah hadi Mombasa mwaka 2009, SEACOM ikawashwa Julai mwaka huohuo, na LION2 ikatua Nyali mwaka 2012. Kabla ya hapo tulikuwa tukitegemea setilaiti, na ukurasa ukikawia ilikuwa haki kulaumu njia. Leo njia ni pana. Kinachobana ni upande wa pili, seva iliyojengwa kubeba watu wa siku ya kawaida ya Machi halafu ikaletewa watu wa Juni wote. Bando kubwa zaidi halisaidii hapo, ingawa nimewaona watu wakikimbia kuongeza.

Jambo la tatu ni lile ambalo skripti haifanyi, na hapa dada ni mkali. Haigusi kitufe cha kulipa. Cheti cha maadili mema ni shilingi 1,050, na malipo ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, hupitia paybili moja, 222222. Pesa zikitoka kwenye M-Pesa na ukurasa ukakwama kabla ya kuonyesha risiti, mteja huingiwa na hofu na kutaka kulipa tena. Dada humwambia atulie na asome ujumbe wa M-Pesa kwa sauti. Yeye anaandika msimbo wa muamala na nambari ya ankara kwenye daftari la karatasi, kisha anaacha mfumo ufikie hesabu zake. Nimemsikia akimwambia mama mmoja aliyekuwa karibu kulia, “Mamangu, pesa hii haijapotea, imetangulia. Tukilipa tena ndio tutaipoteza.” Skripti inayojua kungoja ni nzuri kwa kuuliza. Kwa kulipa, anataka kidole cha mtu.

Haiweki neno la siri wala nambari ya kitambulisho. Inachohifadhi ni vile visanduku vya kuchosha, mtaa, sanduku la posta, shule, mwajiri, ili ukurasa ukianguka katikati mteja asiandike upya, na mteja akiinuka kitini vyote vinafutwa. Kompyuta ni ya umma na atakayeketi baada ya dakika mbili ni mgeni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 ingemtaka afanye hivyo hata hivyo, ila sidhani kama alianza kwa kuisoma sheria. Vilevile haijibu ile hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa ambayo iTax, tovuti ya ushuru ya KRA, huiweka chini ya neno la siri. Hesabu hiyo imewekwa ili mashine isiingie peke yake, anasema, na mashine yake itasimama hapo kama ilivyotakiwa. Kwa ritani zenyewe ana njia ya zamani anayoipenda. Fomu ya Excel inajazwa na kukaguliwa bila intaneti, asubuhi, mteja na karatasi yake ya P9 wakiwa wametulia, na kinachobaki ni kupandisha faili moja seva ikipata pumzi. Ukweli ni kwamba aliyebuni fomu ile ya kujazia nje ya mtandao alimfikiria mtu wa saiba kuliko wengi waliokuja baada yake.

Ujanja huu una mipaka, na mwisho wa Julai 2023 iliiona nchi nzima. eCitizen ilishambuliwa, kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo, na waziri wa mawasiliano wa wakati huo, Eliud Owalo, akathibitisha kwamba shambulio lilikuwapo. Wageni waliohitaji viza walilazimika kupewa wakifika. Watu walikosa tokeni za umeme, na tiketi za treni nazo zikasumbua. Shambulio lenyewe lilikuwa la maombi, mashine nyingi zikiuliza bila kupumzika mpaka mwenye haja ya kweli akose nafasi. Oktoba 2024 Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili, raia wa Sudan, kwamba ndio waliokuwa wakiliendesha kundi hilo. Siku zile skripti ya Magongo ilifika dakika zake tano na kubaki hapo, ikiuliza mara kumi na mbili kwa saa, na haikupata kitu. Dada aliwarudisha watu nyumbani.

Umbali kati ya skripti ya kusaidia na ya kushambulia, kwa msimbo, ni namba moja tu. Kijana mmoja mwenye saiba Likoni alipewa nakala, akaona sekunde 20 ni uzembe, akaziandika nusu sekunde na kufuta sehemu ya kuongeza maradufu. Mchana haukuisha kabla hajaanza kupata 429, jibu la tovuti kwa anayeuliza kupita kiasi. Hilo lingekuwa lake peke yake, ila mtoa Wi-Fi wa mtaa ule, kama wengi, hutokeza wateja wake wote kwa anwani moja ya intaneti. Tovuti haikumwona kijana. Iliona anwani, ikaifungia, na nyumba zote za jirani zilizokuwa zikijaribu kwa simu na subira yao zikafungiwa pamoja naye. Kuna Sheria ya 2018 ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni, na sijui ni wangapi katika biashara hii wameisoma wakiwa na kidole juu ya namba ile.

Tangu hapo nakala anazotoa zina sakafu. Ukiandika chini ya 20, skripti inaandika 20 na kuendelea na kazi bila kukwambia. Nilimwuliza kama huko si kumdanganya mtu, akajibu kwamba akitaka kuitoa anaweza, msimbo uko wazi, lakini itabidi asome mpaka afike hapo.

Bei yake haibadiliki. Tovuti ikifunguka mara moja au ikimweka saa tatu, huduma ni ileile, na ikishindikana kabisa hachukui kitu zaidi ya karatasi alizochapa. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa ameifungua skripti kwenye kompyuta ya pembeni, akiivunja sehemu ya mwisho. Tovuti moja imeanza kutaka tarakimu zinazotumwa kwa simu ya mteja, na tarakimu hizo hufa baada ya dakika chache. Honi ikilia na mteja yuko nje akinunua viazi karai, zinakufa kabla hajarudi. Alikuwa akitafuta namna ya kuifanya skripti itoe onyo mapema, inapoona seva imeanza kujibu upesiupesi kuliko dakika kumi zilizopita, ili mtu aitwe ndani na simu yake kabla mlango haujafunguka. Kipimo cha kwanza alichojaribu kilikuwa kikipiga honi ovyo. Alikuwa ameanza cha pili.